Mlango Ambao Haukuchorwa

"Usikanyage hapo, Bosi. Hapo ndipo penye kichwa."

Inspekta Lorpu Mulbah akaurudisha mguu nyuma, akakunja suruali na kuchuchumaa ukingoni mwa shimo. Ilikuwa saa tatu asubuhi ya Jumanne, na jua la Machi lilikwisha kuanza uchokozi wake. Chini, kati ya matofali yaliyochomwa mara mbili, kwanza na fundi kisha na vita, mifupa ilikuwa imelala ubavu, magoti yameletwa kifuani. Lorpu aliupima mfupa wa paja kwa macho, kisha kwa shibiri zake. Mtoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne hivi.

"Nani aliyemwona kwanza?"

"Mimi." Aliyejibu ni Kollie, msimamizi wa vibarua waliokuwa wakisafisha magofu. Akampa Inspekta mkono, wakamalizia kwa kualisha vidole kama ilivyo ada, ila vya Kollie vilikuwa na jasho la baridi na havikutoa sauti. "Mama Inspekta, nimebomoa na kujenga tangu vita viishe. Nimeokota risasi, nimeokota meno. Lakini huyu kajikunja kama mtu aliyelala. Watu wangu wamekataa kurudi shimoni, na mimi sikuwalazimisha."

"Hapa palikuwa na nini?"

"Ngazi ya nyuma. Nyumba za zamani hapa Ashby zote zilisimama juu ya nguzo za matofali, zina ngazi mbili. Ya mbele ya wageni, ya nyuma ya jikoni. Hii ni ya jikoni."

"Na nani aliyewaambia mchimbe hapa?"

Kollie akajikuna kisogo. "Hapo ndipo penye kichekesho. Bwana Milton alituambia upande wa nyuma tuuache kwanza, mpaka Siku ya Kupamba Makaburi ipite. Tukasema sawa, bosi kasema. Jana akaja Mama Oretha mwenyewe, na macho yale hayaoni hata kidole. Akatembea na fimbo yake mpaka hapa, akagonga chini mara mbili. 'Anzeni hapa.' Nikamwambia, Mama, lakini mwanao kasema... Akaniuliza kiwanja hiki cha nani."

Lorpu aliandika hayo yote katika daftari, na chini ya maneno ya mwisho akapiga mstari.

Sajini Togba, aliyekuwa akipangusa udongo kwa brashi ya rangi aliyoazima kwa vibarua, akainua kitu. "Bizimu ya mkanda, Bosi. Ina nembo ya shule, ile ya watoto wa wakubwa kule Monrovia." Akasimama, kitambi kimeujaza mkanda wake mwenyewe. "Kesi imekwisha. Huyu hapa ndiye Milton Whitfield, mtoto wa wakili. Na yule bwana anayekula wali wa Mama Oretha tangu Desemba ni tapeli. Twende tukamkamate, halafu tutafute chochote cha kutia tumboni."

"Taratibu. Nyumba hii ilikuwa na watoto wangapi?"

"Wawili. Milton wa kuzaliwa, na yule mwingine wa kupewa, aliyeletwa kutoka bara alelewe kwa kufanya kazi za nyumba. Sando."

"Mtoto wa kupewa alivaa nini?"

Togba akafikiri kidogo. "Alichovua mwenzake."

"Basi mkanda haujasema kitu."

Kilichosema kitu kilikuwa karibu na mguu wa marehemu. Kilikuwa komeo la chuma, refu kama kiganja, kutu tupu, limeshikamana na kipande cha ubao uliogeuka mkaa. Lorpu hakuligusa kwanza. Alilala kifudifudi akalitazama kwa chini, kisha kwa juu, kisha akamwita Togba naye alale. Ulimi wa komeo ulikuwa umeingia wote katika pete yake. Misumari iliyolishikilia ilikuwa imetoboa ubao, na ncha zake zilielekea kwenye mifupa.

"Mlango ulimwangukia," Lorpu alisema. "Ncha za misumari ziko upande wake. Kwa hiyo komeo liko upande gani?"

Togba alikuwa bado kalala juu ya tumbo lake. Safari hii hakufanya mzaha. "Nje."

"Na limefungwa."

"Kwa hiyo mtu alimfungia."

"Mtu alimfungia," Lorpu alisema, akasimama na kujikung'uta vumbi.

Mkobani mwake kulikuwa na barua iliyomfikia wiki mbili kabla, hati nzuri, kurasa tatu. Mwandishi wake alikuwa Teta Cassell, katibu wa kamati ya kanisa iliyokuwa ikikusanya kumbukumbu za nyumba za Ashby zilizochomwa vitani. Barua ilisema kwamba mwezi wa saba mwaka tisini, wapiganaji walipofika kwenye kingo hizi za mto St. Paul, nyumba ya Whitfield ilikuwa na watoto wawili peke yao. Baba alikuwa mahakamani Monrovia na hakurudi tena. Mama alimfuata kwa siku mbili tu, barabara ikafungwa nyuma yake. Mpishi alikimbia. Nyumba ikachomwa, watoto wakapotea. Sasa, baada ya miaka kumi na tisa, mtu mmoja amejitokeza kwa Mama Oretha, ajuza wa miaka sabini na mmoja mwenye mtoto wa jicho, anajiita Milton. Na Jumatano ya Siku ya Kupamba Makaburi, mbele ya watu wote, Mama Oretha atatia sahihi karatasi ya kumpa ardhi yote. Tafadhali polisi waje kabla mama wa watu hajavuliwa hata kanga.

Jumatano yenyewe ilikuwa kesho.

*

Teta Cassell aliwapokea mlangoni pa kanisa, miwani imening'inia kifuani, mikono ina vumbi la chaki. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini aliyezoea kusahihisha watu.

"Mmechelewa wiki mbili," alisema. "Lakini karibuni."

Ukuta mzima wa kusini ulikuwa umefunikwa kwa karatasi. Nyumba kumi na moja, zote zimechorwa kwa kalamu ya risasi kutoka kichwani mwa watu, kwa kuwa waliochoma nyumba walichoma na albamu za picha. Watu walikuja Jumapili baada ya ibada, wakasahihishana. Dirisha lilikuwa huku, si kule. Mabati yalikuwa mekundu. Juu ya mchoro mmoja mtu alikuwa amefuta choo na kukichora upya mara nne.

"Hao ni ndugu wawili wa damu," Teta alisema alipomwona Togba akikitazama. "Hawasalimiani tangu Krismasi kwa sababu ya choo hicho. Na choo chenyewe ni majivu."

Nyumba ya Whitfield ilikuwa ya mwisho, na hakuna aliyethubutu kuisahihisha. Karatasi nne. Mchoraji, yule anayejiita Milton, alikumbuka nguzo sita za baraza ya mbele na ufa wa ile ya tatu. Alikumbuka msumari wa kofia nyuma ya mlango wa jikoni. Alikumbuka kinu, pipa la maji ya mvua, na mti wa kola uliotobolewa na kigogota.

"Alichora hapa hapa, mbele yetu, saa nne mfululizo," Teta alisema. "Watu walilia. Hata mimi, Mungu anisamehe. Mama Oretha alikaa pale akisomewa kila mstari, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Ndipo watu wote wakasema, huyu ni Milton, nani mwingine angejua? Mimi nikasema, mwongo aliyefundishwa vizuri naye angejua."

"Nani amfundishe? Waliokaa humo wamebaki wangapi?"

Teta akaanza kujipangusa chaki mikononi.

Lorpu alikuwa ameshafika kwenye karatasi ya pili, ile ya upande wa nyuma. Ngazi ya jikoni ilikuwa na vidato tisa, cha tatu kimepasuka. Chini ya ngazi, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, mbao zilikwenda moja kwa moja, zimehesabiwa, kumi na nne. Akalitoa komeo katika mfuko wa karatasi na kuliweka juu ya mchoro.

"Hapa palikuwa na mlango," alisema. "Dada Teta, unaukumbuka?"

"Mimi? Mimi nilikuwa mgeni wa mbele. Tulikaribishwa barazani, tukala chumba cha chakula, tukaondoka. Nyuma kule sikukanyaga."

"Basi chumba cha chakula unakijua."

"Nimekula pale mara mia."

Lorpu alisogea kwenye karatasi ya nne. Meza ndefu, viti vinane. Vinne vya karibu vilionekana mgongo, na kile cha mwisho, cha wakili mwenyewe, ufito mmoja wa mgongoni ulikuwa umevunjika na kufungwa kwa waya upande wa nyuma, mizunguko mitatu. Waya ulichorwa kwa uangalifu wa ajabu.

"Huo waya unaukumbuka?"

Teta akavaa miwani, akainama. "Hapana. Kiti cha wakili kilikuwa kizima. Nilikaa nikikitazama miaka na miaka, mimi huku, yeye kule." Akainuka, uso umeng'aa. "Mmeona? Kakosea! Nilijua tu. Njia ya mwongo ni fupi."

Lorpu aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu kuliko uliohitajika, mpaka Togba akakohoa.

Nje, kwenye njia ya kushuka mtoni, watu walikuwa wameshaanza kufyeka makaburi. Togba alimfuata Lorpu hatua ishirini, kisha akashindwa kuvumilia.

"Sema, Bosi. Naona umeshika kitu."

"Nimeshika nusu. Mtu anakumbuka msumari wa kofia, anahesabu mbao kumi na nne, halafu mlango wa kijistoo ambamo kila mtoto angejificha anausahau. Huko si kusahau. Huyo anajua kilichomo."

"Kwa hiyo ni Milton kweli," Togba alisema polepole, "na mifupa ni ya Sando. Mtoto wa tajiri kamfungia mtoto wa kupewa, kakimbia, nyumba ikaungua. Leo karudi kuchukua ardhi na hataki shimo lichimbwe." Akagusa pingu kiunoni. "Basi hata akiwa Milton, tunamkamata."

"Pingu zako zina njaa kuliko wewe."

"Haiwezekani, Bosi."

*

Mama Oretha Whitfield alikaa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa, mlango mmoja wa barabarani, mmoja wa uani. Aliwapokea amenyooka kitini, gauni jeupe, macho yamefunikwa na ukungu. Kabla hawajaketi, wali na mchuzi wa chikichi vilikuwa vimeshafika mezani. Togba akamwomba Mungu radhi na kuanza.

"Mwanangu yuko uani anachekecha chokaa ya kesho," Mama Oretha alisema. "Mmekuja kwa ajili yake. Teta hana siri."

"Nimekuja kwa ajili ya nyumba, Mama. Ningependa uniambie ilivyokuwa."

Hilo lilimfurahisha. Alianza kwa baraza, akaingia ukumbini, akapanda orofani, akataja mapazia na mwaka yaliponunuliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukipapasa hewani, unashika vitasa visivyokuwepo. Akatoka kupitia jikoni, akahesabu vidato kwa kidole juu ya goti. Tisa.

"Na chini ya ngazi hiyo?"

Kidole kikasimama.

"Mbao," alisema. "Mbao tu."

Kule mezani Togba naye alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama, Desemba, huyu bwana alipokuja. Alibisha mlango gani?"

"Huu hapa wa uani," Mama Oretha alisema mara moja. Kisha akafumba midomo, na mikono akaikunja mapajani.

"Asante, Mama," Lorpu alisema. "Sajini, maliza wali wako. Mimi natoka uani."

Yule mtu alikuwa ameinama juu ya ndoo mbili, karibu na mlango. Alikuwa mrefu, mwembamba, miaka thelathini na kitu, na kovu la kamba begani, kama la wabeba mizigo. Alichekecha chokaa kwa soksi ya zamani ya kike, polepole, unga ukamwagika laini majini. Akatia chumvi. Akakoroga kwa kijiti. Juu ya benchi kulikuwa na kopo dogo la rangi nyeusi na brashi mpya iliyokuwa bado katika karatasi yake.

"Chumvi ya nini?" Lorpu aliuliza.

"Isibanduke mvua ikija." Akainua uso, akaona beji, akajifuta mikono. "Shikamoo, Mama Inspekta."

"Marahaba. Nani alikufundisha?"

"Nyumbani tu. Kila mwaka tulikuwa tunapaka makaburi."

"Nyumba za namna ile nazijua," Lorpu alisema, akakaa kwenye benchi. "Mtoto wa kiume wa nyumba alikuja makaburini na viatu, akapewa brashi, akaandika majina kwa rangi nyeusi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na wajomba walimpigia makofi. Chokaa ilichanganywa na wengine tangu juzi yake. Hiyo soksi na hiyo chumvi nimezishika mwenyewe miaka saba, kwa familia moja kule Sinkor, Monrovia. Mpaka leo kucha zangu haziko sawa."

Mtu yule akazitazama kucha za Inspekta, kisha za kwake.

"Uliichora meza vizuri," Lorpu aliendelea. "Na ule waya wa kiti cha wakili. Dada Teta anasema umekosea, kwa sababu yeye alikaa kukielekea na hakuuona. Hakuna aliyekaa pale angeuona. Wa kuuona ni yule aliyesimama nyuma ya mzee na bakuli, akingoja kuitwa. Milton alikaa. Wewe ulisimama."

Kijiti kikaanguka ndooni. Hakukiokota.

Lorpu akalitoa komeo na kuliweka juu ya benchi, kando ya ile brashi mpya. Likatoa mlio mdogo.

"Asubuhi tumemkuta, Sando. Chini ya ngazi. Komeo limefungwa kwa nje."

Lorpu alidhani atakimbia. Togba naye alidhani hivyo, maana alikuwa ameshajaza mlango wa uani kwa mwili wake. Lakini Sando alikaa chini, palepale mchangani, akaweka mikono juu ya kichwa kama watu walivyofundishwa kufanya wakati wa vita.

"Niambie," Lorpu alisema. "Wewe ndiye uliyefunga?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mlango ule haukai bila komeo. Ukiuachia unafunguka wenyewe." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeulizwa shuleni. "Wapiganaji walikuwa wameshafika getini. Walikuwa wanaita mtoto wa wakili, mtoto wa wakili yuko wapi. Mimi walikuwa hawanitaki, mimi nasema lugha yao. Nikamwambia Milton, ingia. Akasema niuache wazi kidogo, anaogopa giza. Nikamwambia giza hilo nalijua mimi, halina kitu. Kaa kimya, wakiondoka nakuja kukufungulia."

"Wakafanya nini?"

"Wakanitwika mchele. Gunia. Wakasema nitembee. Nilidhani wanaiba tu, wanaondoka. Tulipofika njia panda nikaona moshi." Alimeza mate. "Nikawaambia nimesahau kitu nyumbani. Wakacheka. Nikawaambia tena. Mmoja akanipiga na kitako cha bunduki. Nilibeba mizigo yao mpaka mwaka ukaisha, Mama Inspekta. Kila siku nilikuwa nasema naenda kumfungulia."

Kule makaburini watu walikuwa bado wanafyeka.

"Na ukaja miaka kumi na tisa baadaye kuchukua jina lake na ardhi yake."

"Ardhi siitaki! Karatasi nimeikwepa mara tatu, muulize mchungaji." Akainua macho kwa mara ya kwanza, yamelowa. "Nilikuja kumwambia Mama. Nikabisha, akafungua, akanishika uso. Akasema, Milton? Mimi sikuwa na mdomo wa kusema hapana. Ungekuwa nao wewe?"

Lorpu alitaka kumhurumia na akajizuia. Bado kulikuwa na tundu moja katika maelezo. "Umesema giza lile unalijua. Ulilijua vipi?"

Sando akachukua mchanga, akaumwaga.

"Mjibu Inspekta." Sauti ilitoka nyuma ya mgongo wa Togba. "Au nimjibu mimi?"

Togba akajikunja kando. Mama Oretha alikuwa amesimama kizingitini, fimbo mkononi, ametoka bila viatu.

"Mimi nilikuwa nikimfungia humo," alisema. "Kwa kijiko cha sukari. Kwa sahani iliyovunjika, hata ikiwa kaivunja Milton. Seremala aliniuliza, komeo nje, Mama? Nikamwambia nje. Stoo gani ya viazi inafungwa kwa ndani?" Akashuka kidato kimoja. "Nyumba nzima nimeisimulia kanisani, chumba kwa chumba, na watu wamenipigia makofi. Ule mlango niliupita kila mara. Naye akaupita alipochora. Nikajua basi kwamba tunaficha kitu kimoja."

"Ulimjua lini, Mama?" Lorpu aliuliza.

"Alipobisha. Milton hakubisha mlango wa uani hata siku moja maishani mwake. Nilimwita Milton nione atasema nini."

"Nikasema ndiyo," Sando alinong'ona.

"Ukasema ndiyo. Nikajua kwamba mwanangu amekufa na wewe unajua alipofia." Sauti yake ikakatika, akaikamata. "Nikakupikia. Nikangoja useme. Nikakutishia kukupa ardhi, labda utasema. Mpaka jana, uliposema upande wa nyuma usichimbwe, nikachukua fimbo nikaenda mwenyewe."

Alifika kwenye benchi, akapapasa, akalipata komeo. Vidole vilizunguka kutu yote, vikapata ulimi, vikajaribu kuusukuma. Haukusogea. Akajaribu tena kwa mikono yote miwili, meno yameumana, na Lorpu akageuza uso.

"Aliogopa?" ajuza aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe? Nilipokuwa nakufungia?"

Sando akalitazama komeo mikononi mwa ajuza. "Kila mara."

Lorpu akafungua daftari, kwa kuwa hakujua lingine la kufanya. Jalada la kesi lilihitaji maelezo, na maelezo yana utaratibu wake. "Jina lako kamili," alisema.

"Sando."

"Sando nani? Jina la baba?"

Sando alimgeukia Mama Oretha, na Mama Oretha macho yake meupe yakawa kama yanamtafuta.

"Kwetu aliitwa Sando wa Whitfield," alisema. "Tulipewa ana miaka minne. Jina la baba yake sikuuliza." Kisha akanyoosha mkono, akapiga ukurasa wa daftari kwa kiganja. "Mwanangu, kama hapo unaandika wa kulaumiwa, anza na mimi. Oretha Whitfield. Komeo ni langu."

Kalamu ya Lorpu ilisimama juu ya karatasi. Togba alikuwa amevua kofia.

Mama Oretha hakungoja. Alilitia komeo mfukoni mwa gauni lake jeupe, akajishusha kwa shida mpaka chini, fimbo huku, goti kule, akapapasa mpaka akaipata ndoo ambayo ilikuwa bado haijachanganywa. Akaitafuta soksi. Akaigeuza mikononi, ndani nje, kama mtu aliyepewa kitu cha kigeni.

"Kuna kaburi jipya kesho," alisema, "na mimi kuandika sioni. Ile brashi ni yako." Akatia mkono katika mfuko wa chumvi, akautoa umejaa, na chumvi ikawa inamwagika kati ya vidole. "Hii inatiwa kiasi gani?"

Sando alimtazama mama huyo, aliyekuwa hajawahi kuishika kazi ile tangu azaliwe. Akasogea mchangani kwa magoti, akaukunja mkono wake wa kizee ili chumvi isimwagike.

"Konzi mbili, Mama," alisema. "Kisha unakoroga."